Muhula Kabla ya Mshindo

Katika maafa yote yampatayo mwanadamu kwa njia ya moto, mlipuko ndio unaodhaniwa kuja bila bishara: mashahidi walionusurika husema ulikuja ghafla, magazeti huandika kwamba ulikuja ghafla, na wazee wanaokuja kuhani huwaliwaza wafiwa kwa kuwakumbusha kwamba ajali haina kinga. Dhana hiyo, ijapokuwa ina staha yake katika matanga, aghalabu si kweli, na kwa kuwa si kweli inatudhuru. Atakayeitazama kwa utulivu tarehe ya milipuko mikubwa, ya kwetu na ya ng'ambo, ataona kwamba baina ya dalili ya kwanza na mshindo wenyewe mara nyingi hupatikana muhula, mara wa dakika, mara wa saa, mara wa miaka. Na ataona pia kwamba wengi wa walioangamia hawakuangamia kwa kukosa muhula huo, bali kwa namna ulivyotumiwa, ama na wao wenyewe, ama na wale waliokabidhiwa amana ya kuwalinda.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, wakati wa asubuhi, lori lililobeba petroli lilipinduka karibu na Msamvu, mjini Morogoro, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukutana na msongamano wa mabasi, wachuuzi na waendesha bodaboda. Lori lile halikulipuka lilipoanguka. Palipita dakika ambazo watu walizitumia kukusanyika, kutafuta madumu na ndoo, kuitana, na kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika ardhini, huku wengine wakiyapiga picha kwa simu mambo yale, picha ambazo baadaye taifa zima lilizitazama kwa simanzi kwa kuwa lilikuwa limekwisha kujua mwisho wake. Moto ulipozuka uliwakuta wamesongamana. Idadi ya waliokufa, kwa kuwa majeruhi waliendelea kufariki hospitalini siku baada ya siku, hatimaye ilipita 100. Rais John Magufuli akatangaza siku tatu za maombolezo, na maiti wengi wakazikwa katika makaburi ya Kola.

Haikuwa mara ya kwanza kwa eneo letu hili kuyaona mambo hayo. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo nchini Kenya, lori la petroli lilianguka kando ya barabara kuu, watu wakaja kwa mamia na vyombo vyao, na zaidi ya 100 wakateketea. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, katika mji mdogo wa Sange ulio kwenye njia ya Uvira katika Kivu ya Kusini, ambako soko huendeshwa kwa Kiswahili, lori la mafuta lilipinduka wakati ambapo watu wengi walikuwa wamejazana vibandani wakitazama Kombe la Dunia; baadhi walitoka kwenda kuchota, baadhi walibaki ndani, na moto ulipopita haukubagua, ukaua zaidi ya watu 200. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai mjini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka katika bomba ilifuata mtaro hadi katikati ya vibanda vya mabati, nayo ikaua watu wanaokaribia au kupita 100. Nchi tatu, misiba minne, na mpangilio wa mambo ni ule ule: chombo kinapasuka, mafuta yanamwagika, watu wanasogea, cheche inapatikana.

Kwa nini watu wasogee mahali ambapo kila mwenye akili, akiulizwa akiwa ameketi barazani, angesema pakimbiwe? Jawabu la kwanza limo katika tabia ya petroli yenyewe, ambayo humhadaa mtazamaji. Kiwakacho si yale maji mekundu au ya manjano tunayoyaona yakitiririka. Kiwakacho ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mvuke huo hauonekani. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika jua la Morogoro. Na pindi mvuke huo unapofikia sehemu 1 na nusu hivi katika sehemu 100 za hewa, tayari unangoja cheche tu. Tena ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, basi haupai juu ukapotea kama moshi wa kuni, bali hutambaa chini, hujaza mitaro na mabonde, huingia uvunguni mwa meza za wachuuzi, na hufika kwenye jiko la mama lishe aliye mbali ambaye hata hajapata habari kwamba lori limeanguka. Ukishawaka pale, moto hurudi nyuma kwa kasi kuifuata njia ile ile ya mvuke hadi kwenye tangi. Mtu aliyesimama hatua ishirini kutoka kwenye dimbwi, akijiona kuwa ni mtazamaji wa hatari, huenda mvuke ule umekwisha kumpita magotini. Na cheche haihitaji kiberiti, kwani injini ya pikipiki inayowashwa, waya wa betri unaochomolewa, chuma kinachogonga chuma, sigara, vyote hivyo vinatosha.

Fauka ya hayo, kuna elimu ya uongo ambayo watu waliipata kwa macho yao wenyewe. Dizeli si petroli: kwa kawaida haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50, na kwa sababu hiyo lori la dizeli linaweza kuanguka, watu wakachota, wakauza, na wakarudi kwao salama. Kijiji kilichowahi kuiona bahati hiyo mara moja au mbili hujenga yakini kwamba maneno ya hatari ni ya polisi wanaotaka kujichotea wao. Na siku lori la petroli lianguke mahali pale pale, kijiji huliendea kwa yakini ile ile.

Baada ya kila msiba wa namna hii hutolewa hukumu moja nyepesi, nayo ni kwamba marehemu waliponzwa na tamaa yao. Mimi naona kwamba hukumu hiyo haina insafu. Kijana ambaye pato lake la siku ni shilingi elfu chache, akiona lita 20 zinapotea mchangani, anapiga hesabu kwa mizani aliyonayo: bei ya petroli anaijua kwa sababu huilipa kila siku, lakini uzito wa mvuke haujui kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Aidha, si wote waliokufa walikuwa na madumu mikononi. Miongoni mwao walikuwamo wapita njia, watoto, watazamaji, na watu waliokuwa ndani ya nyumba zao. Na kubwa kuliko hayo, hukumu ya tamaa huwastarehesha wale wanaopaswa kuulizwa, kwa maana kosa likishawekwa juu ya marehemu, hakuna tena wa kujibu kwa nini katika dakika zile umati haukuondolewa, wala kwa nini barabara ipitayo malori ya mafuta usiku na mchana ina vijiji vingi visivyofundishwa la kufanya.

Wala tusidhani kwamba kusogea ni ada ya maskini peke yao. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, katika bandari ya Halifax nchini Kanada, meli ya Kifaransa iitwayo Mont-Blanc, iliyosheheni baruti za vita, iligongana na meli ya Kinorwe iitwayo Imo, ikashika moto, ikawaka kwa muda wa dakika 20 hivi. Katika dakika hizo wakazi wa mji, ambao hawakujua shehena ile ilikuwa nini, walikuja gatini, wakajipanga vilimani, na wengine wakasimama nyuma ya vioo vya madirisha yao kutazama moshi. Mlipuko uliua watu wapatao 2,000 na kuwajeruhi 9,000, na miongoni mwa majeruhi wengi waliumizwa macho kwa vioo vile vile walivyokuwa wakitazamia. Karne moja ilipita, na tarehe 4 Agosti 2020, mjini Beirut, moto ulizuka katika ghala la bandari, watu wakatoka roshanini na simu zao kupiga picha. Na baadaye kidogo, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, tani 2,750 za amonia naitreti zililipuka, zikaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Bandari mbili, zama mbili, watu wa elimu na mali mbalimbali, na wote walifanya lile lile walilolifanya watu wa Msamvu: walipoona dalili, walisogea karibu nayo.

Hapa pana jambo la kimaumbile linalostahili kufundishwa kwa kila mtoto wa shule. Mwanga hufika machoni papo hapo, lakini sauti na wimbi la mgandamizo wa hewa huchelewa. Sauti huenda kadiri ya mita 340 kwa sekunde, yaani kwa kila kilomita moja hupita kama sekunde tatu, na ijapokuwa wimbi la mlipuko mkubwa hutangulia sauti pale karibu, kwa aliye mbali bado hubaki nafasi. Mwenye kuona mmweko mkubwa usio na kishindo asingoje kishindo chake. Na aache dirisha, ajitupe chini nyuma ya ukuta imara au chini ya meza nzito, alale kifudifudi, afunike kichwa na shingo kwa mikono yake. Sekunde hizo tatu au sita ni muhula mfupi kuliko yote, lakini zimetosha kuwaokoa watu. Na adui mkubwa wa waliomo mjini, wakati wa mlipuko wa mbali, aghalabu si moto bali ni kioo.

Lori likianguka, kanuni ni chache, na zote zina shina moja, nalo ni umbali. Vikosi vya uokoaji vya Marekani na Kanada, ambavyo vimeandikiwa mwongozo wa kazi hizi, huelekezwa kwamba petroli nyingi ikimwagika pasipo moto, wafikirie kuwaondoa watu hadi mita 300 upande ule uendako upepo. Tangi likishika moto, wawaondoe mita 800 pande zote. Na likiwa ni tangi la gesi ya kupikia linaloungua, mita 1,600, ambazo ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Sababu ya umbali huo wa gesi ni kwamba moto ukilichoma tangi kwa nje, chuma hulegea ilhali gesi iliyo ndani, iliyogandamizwa ikawa maji, huchemka na kusukuma; chuma kikishindwa, yale maji hugeuka mvuke kwa mara moja, yakipanuka kiasi cha mara 250, na vipande vya tangi huruka mbali sana. Ikiwa sauti ya mvuke unaotoka kwenye tangi inazidi ukali, au tangi linabadilika rangi kwa joto, muhula umekwisha, na mwenye kubaki pale hata kwa nia njema amejihilikisha.

Basi mtu aliye karibu na aondoke kwa kuufuata upande utokao upepo au kwa kukatisha ubavuni, apande mahali palipoinuka wala asishuke mtaroni, asiwashe injini ya gari wala pikipiki iliyo jirani na mafuta bali aikokote au aiache, azime sigara na jiko kabla mvuke haujafika, na asipige simu mpaka afike mbali. Akifika huko ndipo apige, kwa Tanzania namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kwa Kenya 999 au 112. Na akiweza, ataje tarakimu zilizoandikwa katika kibao cha rangi ya machungwa kilichobandikwa kwenye tangi, kwa kuwa tarakimu hizo ni lugha ya dunia nzima: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Mtoto wa darasa la tano anayekariri majina ya mito anaweza pia kukariri namba hizo tatu, na siku moja zikamfaa kuliko mito.

Msomaji mwenye murua atapinga akisema: je, dereva akiwa amebanwa ndani ya kichwa cha gari, tumwache? Swali hili ni zito, na sitalikwepa. Kuokoa nafsi ni wajibu mkubwa, na jamii ambayo watu wake hupita wasigeuke ni jamii iliyokufa kabla ya kuzikwa. Lakini wajibu huo haumlazimu kila mtu kusogea. Unamlazimu kila mtu kusaidia, nako kusaidia kwa wengi ni kuwazuia wengine. Watu wawili au watatu wenye ujuzi, wakimkaribia majeruhi kutoka upande utokao upepo, bila cheche wala chuma cha kugonga, wana nafasi ya kumtoa. Watu 200 wanaowafuata nyuma huwaongezea mauti wao na yule wanayedai kumwokoa. Katika ile asubuhi ya Halifax, karani wa reli aitwaye Vince Coleman, alipojua meli ile imebeba nini, alirudi kwenye chombo chake cha telegrafu kupeleka habari ya kuzuia treni ya abiria isiingie mjini, akafa akiwa kazini. Na jina lake limehifadhiwa na watu wa nchi ile, si kwa sababu aliukimbilia moto, bali kwa sababu aliwawekea wengine umbali ambao yeye mwenyewe hakuupata. Wanafiqhi wetu wa pwani wana hukumu waiitayo faradhi ya kifaya, yaani lile jambo ambalo wakilitimiza baadhi, waliosalia huondokewa na dhima, na wakiliacha wote, dhambi huwaenea wote. Kuuzuia umati usisogee ni katika jinsi ya faradhi hizo.

Hatari ya aina hii sasa imeingia pia ndani ya nyumba zetu, na imeingia kwa sababu njema. Serikali ya Tanzania imejiwekea mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaokusudia kwamba asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia, na majirani zetu nao wanaifuata njia hiyo, jambo ambalo litaokoa misitu na mapafu ya mama zetu. Lakini mtungi wa gesi unaingia katika jiko ambalo hadi jana lilijua mkaa tu, na mara nyingi huketi sakafuni ubavuni mwa seredani inayowaka. Gesi hiyo, kama mvuke wa petroli, ni nzito kuliko hewa na hukusanyika chini. Asili yake haina harufu, na ile harufu mbaya tunayoisikia imetiwa makusudi ili iwe mpiga mbiu. Anayeisikia asitafute inakovuja kwa kiberiti, wala asiwashe taa, wala asiizime iliyokwisha kuwaka, kwani swichi hutoa cheche katika kufunga na katika kufungua. Aifunge valvu ya mtungi ikiwa aweza kuifikia kwa usalama, afungue milango na madirisha, awatoe wote waliomo, na apige simu akiwa nje. Mahali panapovuja hutafutwa baadaye kwa povu la sabuni likipakwa kwenye mpira na kwenye maungio. Na ikitokea kwamba gesi inayovuja imekwisha kuwaka kwenye kichwa cha mtungi, asiharakishe kuuzima moto huo pasipo kuweza kuifunga gesi yenyewe, kwa sababu gesi inayowaka inaonekana ilipo, ilhali gesi iliyozimwa ikaendelea kutoka hujaza chumba na kungoja cheche nyingine.

Aliyeungua, moto wa nguo zake ukiwa umezimwa kwa kumviringisha chini, amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20, kisha afunikwe jeraha kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala ute wa yai, wala asiwekewe barafu. Na nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Naye aliyelowa petroli asiyeungua bado yumo hatarini, basi ajimwagie maji na avue nguo zile mbali na moto wowote.

Hayo yote ni muhula wa raia, nao hupimwa kwa dakika. Lakini uko muhula mwingine, wa watawala na wenye mali, ambao hupimwa kwa miezi na miaka, na hapo ndipo lawama inapokuwa nzito zaidi. Ile shehena ya Beirut haikufika gatini usiku wa kuamkia msiba. Ilikuja na meli mwaka 2013, ikawekwa ghalani mwaka uliofuata, barua zikaandikwa juu yake, na miaka ikapita juu ya barua. Na jioni ile ya moto walipelekwa watu 10 wa kikosi cha zimamoto kwenda kuuzima pasipo kuambiwa ghala lile limebeba nini, wakafa wote. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika eneo la Mradi huko Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka kwenye kituo kilichokuwa kikijaza mitungi katikati ya makazi ya watu, na mamia wakajeruhiwa. Asubuhi yake mamlaka ya nishati ya Kenya ikatangaza kwamba maombi ya kibali cha kituo mahali pale yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia. Kukataliwa kwa kibali ni karatasi. Biashara iliendelea, na wapangaji waliolala ng'ambo ya ukuta hawakupewa nakala ya karatasi hiyo.

Nasi hapa Tanzania tuna letu la kukumbuka. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakafa; tarehe 16 Februari 2011, kabla ya kutimia miaka miwili, ghala jingine likalipuka Gongo la Mboto katika mji ule ule, wakafa tena zaidi ya 20, na maelfu wakayahama makazi yao usiku, wazazi wakapoteana na watoto wao. Muhula uliokuwapo baina ya Mbagala na Gongo la Mboto ulikuwa wa miezi 21. Mabomu yaliyorushwa na milipuko ya namna hiyo, na yale yaliyobakizwa na vita vya mipakani, huendelea kulala ardhini yakifanana na chuma chakavu cha kuuza kwa kilo; Novemba 2017, katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, bomu lililookotwa liliua wanafunzi wa shule ya msingi. Mtoto afundishwe kwamba chuma asichokijua hakiokotwi, hakigongwi, wala hakipelekwi shuleni. Na mnunuzi wa vyuma chakavu afundishwe na alazimishwe kuwa mwalimu wa kwanza wa somo hilo, kwa kuwa yeye ndiye anayewapa watoto sababu ya kuokota.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kudura, na kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Mimi pia naamini kwamba siku ya mtu iko mikononi mwa Mola wake. Lakini tawakali haikuwahi kuwa udhuru wa uzembe: nahodha anayemtegemea Mungu bado hukagua tanga, na hukumu ya kadhi haimwachii aliyeacha kisima wazi njiani kwa hoja kwamba aliyetumbukia aliandikiwa kutumbukia. Ajali ambayo imetokea mara nne kwa mpangilio mmoja, katika muda wa miaka kumi na nusu hivi, haistahili tena kuhesabiwa kuwa ni ajali tupu. Imekuwa desturi, na desturi huondolewa kwa mafundisho na kwa sheria.

Basi linalotakiwa ni nini? Kwanza, kila mtaa na kijiji kilicho kando ya barabara za malori ya mafuta, kuanzia Dar es Salaam hadi Tunduma na Rusumo, na kuanzia Mombasa hadi Malaba, kiwe na watu wachache wanaojulikana kwa majina, waliofundishwa na kikosi cha zimamoto kwa siku moja au mbili, ambao lori likianguka wana haki na amri ya kufunga njia na kuwarudisha watu mita 300, kabla polisi hawajafika. Watu hao wapo tayari, nao ni mwenyekiti wa mtaa, balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, na imamu au mchungaji aliye na kipaza sauti. Hawa huweza kufika ndani ya dakika chache, ilhali gari la zimamoto, kwa umbali na uchache wake, hufika baada ya muda ambao moto hauusubiri. Pili, dereva wa lori la mafuta na utingo wake wasipewe kazi mpaka wajue kuwaondoa watu kama wanavyojua kuendesha. Tatu, wakazi wa kila eneo wawe na haki ya kujua ghala lililo jirani nao limehifadhi nini, na kituo kilichonyimwa kibali kifungwe kwa kufuli siku ile ile ya kunyimwa. Nne, taarifa za tume zinazoundwa baada ya kila msiba zitolewe hadharani na zisomwe redioni kwa lugha hii tunayoielewa sote, maana taarifa iliyofungiwa kabatini haimfundishi dereva wala mchuuzi.

Gharama ya hayo ni ndogo mno mbele ya gharama ya wodi moja ya majeruhi wa moto, na hayahitaji mitambo wala mikopo kutoka ng'ambo. Bajeti ya halmashauri inayoweza kununua gari la mkurugenzi inaweza kuwafundisha wenyeviti wote wa mitaa yake iliyo barabarani katika mwaka mmoja wa fedha. Na mwananchi anayesoma maneno haya, kabla halmashauri haijaamka, anaweza leo kuwaambia wanawe kwamba siku wakiona lori limeanguka, kazi yao ya kwanza ni kwenda mbali nalo, na kazi yao ya pili ni kumrudisha kila wanayepishana naye njiani.